Nimefika Katikati: Riwaya Ninazosoma Sasa

Kwa sasa nasoma riwaya nne kwa mpigo, na hakuna hata moja niliyoifikisha mwisho. Mbili ni za fantasia, yaani hadithi za dunia za kubuniwa na mambo yasiyo ya kawaida, moja ni ya kihistoria, na ya nne kila msomaji huiweka fungu analolijua mwenyewe. Naandika sasa kwa makusudi, nikiwa bado katikati. Miaka ya kusoma na ya kukaa na wasomaji wenzangu imenionyesha kwamba mtu aliye katikati ya kitabu ana maneno ambayo akishamaliza humtoka. Akimaliza huwa na hukumu tu: kizuri, cha wastani, kimenichosha. Akiwa katikati ana wasiwasi, ana dhana, ana mhusika asiyemwamini, ana sentensi iliyomganda tangu asubuhi. Mazungumzo ya vitabu yaliyonifaa kuliko yote yalianza na swali fupi: "Unasoma nini siku hizi?" Swali la kitabu gani ni bora kuliko vyote halijawahi kunifikisha mbali, watu hutaja majina makubwa na maongezi huishia hapo.

Kilichonishika zaidi ni The Tombs of Atuan cha Ursula K. Le Guin. Ni kitabu cha pili katika mfululizo wa Earthsea, dunia ya bahari na visiwa tu. Cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilichapishwa mwaka 1968, na hiki kikatoka 1971. Vyote viwili ni vyembamba. Nalisema hilo kwa sababu wengi wanaoikimbia fantasia huukimbia unene wake, na hawajapata kuambiwa kwamba mmoja wa mabingwa wake wakubwa kabisa alikuwa mtu wa maneno machache.

Nieleze kidogo kile cha kwanza, maana ndicho kilichonifundisha jinsi ya kumsoma mwandishi huyu. Kinaanza na mtoto mchunga mbuzi, asiye na mama. Siku moja anamsikia dada wa marehemu mama yake akimtamkia maneno fulani mbuzi aliyeparamia paa, na mbuzi anateremka papo hapo. Kesho yake mtoto yuko malishoni, anayajaribu maneno yale yale kwa kundi zima. Mbuzi wanakuja. Wanakuja wote, kimya, wakimkodolea macho yao ya manjano. Wanamzunguka, wanambana, hawataki kumwacha. Anarudi nao mbio hadi kijijini huku akilia kwa hofu, mbuzi wamemganda kila upande, mpaka yule mama anakuja kuwafungua. Ni ukurasa mmoja au miwili tu, na tayari umeshajua jinsi uchawi wa dunia ile unavyofanya kazi: maneno yana nguvu, nguvu ina kanuni zake, na anayejua kuita si lazima ajue kuachia. Mwandishi hakukaa kukuhutubia hata mstari mmoja. Amekuonyesha mbuzi.

Jambo jingine ambalo nalipenda kulitaja kila ninapokizungumzia kitabu hicho: kijana yule, Ged, ana ngozi ya rangi ya shaba, na watu wengi wa visiwa vile ni weusi au wa rangi ya udongo. Kwa miaka mingi wachoraji wa majalada walimfanya mzungu, na Le Guin alilalamika hadharani. Ukikisoma, msome Ged alivyoandikwa, usimsome alivyochorwa.

Basi nilifungua kitabu cha pili nikitarajia kumkuta kijana yule. Simwoni. Badala yake kuna msichana, Tenar, aliyechukuliwa kwa wazazi wake angali mdogo kwa sababu alizaliwa usiku ule ule alipofariki kuhani mkuu wa kike wa makaburi ya Atuan. Watu wanaamini kuhani ndiye aliyezaliwa upya katika mtoto huyo. Wanamnyang'anya hata jina lake. Chini ya makaburi kuna mapango na mtandao wa njia za kupotea, na katika sehemu moja ya huko chini mwanga wa aina yoyote ni mwiko. Kwa hiyo Tenar anajifunza kwa mikono. Anapapasa ukuta, anahesabu kila mwanya anaoupita, anakariri wapi ageuke na wapi apite bila kugeuka. Sura baada ya sura tunatembea naye gizani, mpaka giza lenyewe tunalizoea. Halafu siku moja anaingia mahali pale ambapo mwanga haujawahi kuonekana, na anaona mwanga. Kuna mtu mle ndani, ameshika fimbo inayong'aa.

Nimefika hapo. Kwa muda nilikifunika kitabu nikakaa tu. Shujaa niliyemfuata kitabu kizima kilichotangulia anaingia kwa mlango wa nyuma, na kwa macho ya msichana huyu yeye ni mwizi aliyekuja kunajisi patakatifu. Na mimi, niliyekuwa upande wake, nikajikuta nimeudhika kwa niaba ya Tenar. Hilo halikutokea kwa bahati. Zile sura za gizani, ambazo rafiki yangu mmoja aliziona hazina tukio hata moja akakiacha kitabu, ndizo zilizonifanya nijisikie mwenyeji wa mahali pale. Nilimwambia arudi. "Kinachotokea," nilimwambia, "ni kwamba unafundishwa njia. Mwanga ukija ndipo utajua umefundishwa nini." Amekichukua tena, na juzi kaniambia bado anamchukia yule kuhani mmoja mkali anayeitwa Kossil. Nikafurahi, maana mtu hamchukii mhusika wa kitabu asichokisoma.

Riwaya ya pili ya fantasia ninayoisoma ni Piranesi ya Susanna Clarke. Mwandishi huyu alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 2004, akaugua kwa muda mrefu, na hii ikaja mwaka 2020. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Women's Prize. Imeandikwa kama shajara. Mtu mmoja anaishi ndani ya Nyumba isiyo na mwisho, kumbi baada ya kumbi, zote zimejaa sanamu. Kumbi za chini zimemezwa na bahari, za juu zina mawingu. Yeye huvua samaki, hukausha mwani wa kuwashia moto, hupima maji yanavyojaa na kupwa, na huamini kwamba tangu dunia iumbwe wamewahi kuishi watu 15 tu. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, hukutana na mtu mwingine mmoja, ambaye mavazi yake ni nadhifu mno na ambaye haonekani kuwa na njaa hata siku moja.

Kuna kipande kimoja ambacho nimekirudia mara kadhaa. Albatrosi wawili wanatafuta mahali pa kujenga kiota katika moja ya kumbi zile. Ni majira ya baridi, na msimulizi ana akiba ya mwani mkavu ambayo ndiyo moto wake. Anapiga hesabu: akiwapa ndege kiasi fulani, yeye atakosa moto kwa siku ngapi? Kisha anauliza, siku chache za baridi ni kitu gani mbele ya albatrosi mpya duniani? Anawapa. Na mwaka huo mzima anauita Mwaka Albatrosi Alipokuja katika Kumbi za Kusini-Magharibi. Kalenda yake yote iko hivyo. Haijui miaka yetu; anahesabu kwa wageni waliomtembelea.

Kinachonitesa, kwa uzuri, ni kwamba mimi msomaji nimeshaanza kujua mambo ambayo msimulizi hayajui. Yule mtu nadhifu simwamini hata kidogo. Msimulizi anamwamini kabisa. Kila Jumanne na Ijumaa inapofika natamani nimvute shati nimwambie asiende. Wenzangu waliokwisha kukimaliza kitabu wananitazama na kutabasamu, na nawashukuru kwa kunyamaza. Kumwagiwa mtama katika kitabu cha namna hii ni hasara isiyolipika, maana raha yake yote iko katika ule mwendo wa kujua polepole. Katika kundi letu la wasomaji tuna desturi moja tunayoishika: kabla hujasema lolote, unauliza kwanza, "Umefika wapi?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua utasema nini.

Fantasia imenifundisha jambo moja ambalo sikulipata kwa urahisi kwingine: kustahimili kutojua. Fungua riwaya yoyote ya namna hiyo, kurasa za mwanzo zimejaa majina ya watu, miji, miungu na vyeo ambavyo hukuzaliwa navyo. Wasomaji wengi huvunjika moyo hapo. Wanarudi kwenye ramani, wanakimbilia faharasa ya mwishoni, wanaandika orodha, na hadithi inawakimbia. Mimi ushauri wangu kwa anayeanza ni kuendelea kusoma. Mwandishi anayejua kazi yake atakurudishia lile neno mara ya pili na ya tatu, na kila mara litakuja na watu wake na kazi yake, mpaka siku utakapoona unalielewa bila kukumbuka ni nani aliyekueleza. Watoto hujifunza lugha hivyo hivyo.

Rafiki yangu mwingine sasa hivi yuko ndani ya The Fifth Season ya N.K. Jemisin, riwaya ya mwaka 2015 iliyofungua mfululizo wa vitabu vitatu uliomletea mwandishi huyo tuzo ya Hugo ya riwaya bora kwa miaka 3 mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Ni dunia inayotetemeka kila wakati, na kuna watu waliozaliwa na uwezo wa kuituliza ardhi au kuichafua, na watu hao hao wanaogopwa, wanafungwa na kutumikishwa. Sehemu moja ya hadithi imesimuliwa kwa nafsi ya pili, kana kwamba mwandishi anakusimulia wewe maisha yako. Mwanzoni kabisa mama anarudi nyumbani na kumkuta mwanawe mdogo ameuawa, na aliyemuua ni baba yake mtoto. Rafiki yangu ana watoto. Aliniambia ile "wewe" ilimchoma vibaya, akakiweka kitabu kando kwa muda kabla ya kukirudia. Nilimwuliza kwa nini amekirudia. Akasema, "Kwa sababu yule mama ameondoka kwenda kumtafuta binti yake aliyechukuliwa, na mimi siwezi kumwacha aende peke yake." Sijasikia uhakiki wa kitabu hicho ulionigusa kuliko maneno hayo, na ameyasema akiwa hata robo hajafika.

Sasa nifike kwenye riwaya ya tatu, Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Ni ndogo kuliko zote nne na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Watu wengi walikutana nayo kwa ajili ya mtihani, wakaambiwa ni ya kifalsafa, ni ya majaribio, ni ngumu, na tangu hapo hawajaigusa. Mimi naisoma kama ninavyowasoma Le Guin na Clarke. Siiulizi kwanza ina maana gani. Nauliza: niko wapi, nani anasema, kumebadilika nini tangu ukurasa uliopita? Msimulizi yuko safarini anamtafuta paa. Anapita mahali palipohamwa, anakutana na watu waliokufa zamani, wakiwemo wanafalsafa kama Socrates na Plato, na muda haufuati kalenda yoyote. Ukiingia ukidai kila kitu kithibitishwe, utatoka patupu. Ukiingia kama unavyoingia visiwa vya Earthsea, ukamruhusu mwandishi akushike mkono, utaona kwamba lugha yake ni nyepesi mno, sentensi fupi, picha moja baada ya nyingine. Ugumu unaosemwa hauko katika maneno. Uko katika kukubali kutembea bila kuonyeshwa unakokwenda.

Na hapa lazima niseme jambo linalonikereketa. Mara nyingi nasikia kwamba fantasia ni kitu cha kuletwa, na kwamba riwaya ya Kiswahili ni ya mambo ya kweli tu: ndoa, siasa, mji na shamba. Wanaosema hivyo wamesahau fasihi yao ilikoanzia. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni nchi iliyoko angani. Karama anashtakiwa huko kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na utetezi wake ni hadithi za wajumbe waliotumwa pande zote nne, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na elimu na kulipwa kifungo. Mwaka uliofuata ikaja Adili na Nduguze, ambamo gavana mwema anakutwa akiwapiga manyani wawili mijeledi kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Hapigi kwa furaha. Mtu anayeweza kusoma ukurasa ule bila kutaka kujua kisa chake simjui. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, mtu anasafiri kwa chombo hadi nchi yenye mpangilio mwingine wa maisha. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, babu anarudi kutoka kwa wafu kumwonyesha mjukuu wake, mkubwa mmoja mwenye cheo, matendo yake yanavyonuka. Zote hizi ni fantasia timamu. Tumezisoma kama mafumbo ya kisiasa, na ni kweli zina siasa ndani, lakini tulipokimbilia kufumbua fumbo tulijinyima ile raha ya kwanza, ya kuwa angani na Karama na kusubiri hukumu yake. Narudia kuwaambia wenzangu: ikubali nchi ya angani kwanza, fumbo litakusubiri.

Riwaya ya nne ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikachapishwa mwaka 2022. Hii naisoma taratibu, sehemu nyingine kwa sauti, kwa sababu mazungumzo yake yanataka kusikika. Yusuf ni mvulana wa miaka 12. Anadhani anakwenda kutembea na mjomba tajiri, Aziz. Kumbe baba yake amemtoa rehani kwa deni. Dukani anamkuta kijana mwingine, Khalil, aliyewekwa rehani kabla yake, naye bila kumbembeleza anamwambia kwamba huyo si mjomba wake na amwite Seyyid. Nyuma ya duka kuna bustani iliyozungushiwa ukuta, yenye maji na miti, na Yusuf anaipenda bustani hiyo kuliko kitu chochote. Baadaye kuna msafara mrefu wa biashara kwenda bara, na njiani wanaume wanakaa na kuzungumza juu ya Yajuju na Majuju na mahali dunia inapoishia. Ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nikisoma riwaya ya kihistoria iliyojengwa kwa mifupa ile ile ya fantasia: kijana, safari, nchi asizozijua, hadithi za viumbe nyuma ya ukuta. Tofauti ni kwamba hapa hatari ina bendera na inatoka Ujerumani.

Kusoma vitabu vinne kwa pamoja kuna watu hukupinga. Wanasema unachanganya mambo. Inategemea unavichaguaje. Siwezi kusoma fantasia mbili zenye falme na vita kwa wakati mmoja, maana majenerali wataanza kuhama vitabu. Lakini vitabu vinavyotofautiana sauti huweza kukaa pamoja bila kugombana, na wakati mwingine vinasemezana. Hilo sikuligundua peke yangu. Katika kundi letu kuna mwalimu mstaafu, mama mmoja ambaye fantasia si yake kabisa. Yeye anairudia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla, riwaya ya upelelezi ya mwaka 1960, na anaisoma kwa kumfuatilia mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake kana kwamba ni jirani yake. Aliponiuliza nasoma nini, nikamsimulia: Tenar na mapango yake, yule wa kumbi na sanamu zake, Yusuf na bustani yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbona watu wako wote wamefungwa?"

Nikamwambia, "Mwalimu, hilo sikuwa nimeliona."

"Na wote wanapapenda walipofungwa," akaongeza.

Tangu siku hiyo sisomi tena vitabu hivi vilevile. Tenar anajua kila kona ya giza lile, na anajivunia kujua. Yule wa Piranesi anajua bahari itajaa saa ngapi katika ukumbi upi, na maarifa hayo ndiyo heshima yake. Yusuf anajua kila mti wa bustani isiyo yake. Maarifa yao ni ya kweli, upendo wao ni wa kweli, na vyote viwili vinasaidia kuufunga mlango. Na mtu wa kwanza anayeingia kutoka nje, mwenye fimbo inayong'aa au maneno makavu kama ya Khalil, anaonekana mkorofi. Ningekuwa nasoma kitabu kimoja kimoja, huenda hili lingenipita. Ningengoja kuvimaliza ndipo nivizungumze, lingenipita kabisa, kwa sababu ningeshajua miisho yake na kila kimoja ningekuwa nimekiwekea hukumu yake. Msomaji wa upelelezi amenisomea fantasia yangu kuliko mimi, na alihitaji kusikia mambo matatu tu. Nadhani jicho lake la Bwana Msa lilimsaidia: alikuwa anatafuta nani ana ufunguo.

Wenzangu wengine nitawataja kwa ufupi. Kijana mmoja anasoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya 1999, baada ya kuona filamu yake ya mwaka 2021, na anashangaa ni mambo mangapi ya mhusika wake Yasmin yalibaki kitabuni. Mwingine ameingia The Wheel of Time ya Robert Jordan, mfululizo wa vitabu 14 ulioanza 1990. Mwandishi alifariki 2007 na Brandon Sanderson akaukamilisha mwaka 2013 kwa kufuata maandishi aliyoyaacha. Anasoma kwa utulivu wa mtu aliyepanga kukaa. Kuna anayesubiri kitabu cha 6 cha mfululizo wa A Song of Ice and Fire wa George R.R. Martin, ambacho wasomaji wanakingoja tangu cha 5 kilipotoka mwaka 2011, na ameapa kutoanza tena mfululizo usiokamilika. Simuungi mkono. Mimi huuanza, kwa sababu kurasa nilizozifurahia hakuna wa kunipokonya. Kuhusu The Lord of the Rings ya Tolkien, ninachowaambia wanaoanza ni kwamba ile ni riwaya moja. Ilikatwa vitabu vitatu mwaka 1954 na 1955 kwa sababu za gharama. Usiisimamishe baada ya kile cha kwanza ukadhani umefika kituoni.

Na kitabu kikikushinda, kiache. Lakini kiache kwa kusema kwa sauti mbele ya mwenzako ni wapi kimekushindia, ukurasa upi, mhusika yupi. Nimeona mara nyingi mtu akieleza kwa nini ameacha, na katikati ya maelezo anagundua kwamba anataka kurudi. Nimeona pia mwingine akichukua kitabu kile kile kwa sababu ya lawama zile zile. "Kina maelezo mengi mno ya mimea," alilalamika mmoja. "Nipe mimi," akasema mwenzake.

Jambo jingine ambalo limebadilisha mazungumzo yetu ni kuacha kusimuliana muhtasari. Muhtasari wa riwaya ya fantasia hasa huwa wa kuchosha: kuna mfalme, kuna upanga, kuna laana. Sasa mtu anaombwa asome aya moja kwa sauti, ile aliyoifikia, hata kama sisi wengine hatujui nani ni nani. Ile ya albatrosi niliwasomea hivyo. Hawakuijua Nyumba, hawakujua Jumanne na Ijumaa, na bado chumba kizima kilitaka kujua kama kiota kilifanikiwa.

Nikimaliza hivi vinne, foleni iko tayari. Kuna Tehanu, ambayo Le Guin aliitoa mwaka 1990, miaka 18 baada ya kitabu cha tatu cha Earthsea. Nataka kuona mwandishi anamrudia vipi Tenar, mwanamke aliyemwacha akiwa msichana. Na kuna Mzingile ya Kezilahabi, ya mwaka 1991, inayoiendeleza Nagona. Hiyo siisomi peke yangu. Mwalimu amekubali kuisoma pamoja nami, ingawa amenionya kwamba wanafalsafa waliokufa atawahoji mmoja mmoja kama mashahidi. Tumepatana twende sura kwa sura, kila mtu kwake, na asiwepo wa kumpigia mwenzake simu kabla wote wawili hatujaifikia sura hiyo.